Nani Atamlisha Mtoto Huyu?

Hapa Kolwezi, na katika miji yote ya shaba toka Fungurume mpaka Likasi, swali moja laulizwa kwa sauti ndogo. Huulizwa na msichana aliyejiona ana mimba na hana mume. Huulizwa na mama wa watoto sita ambaye mume wake ameshuka shimoni asubuhi, naye hajui kama atapanda jioni. Huulizwa na baba anayehesabu franka zake mara ya tatu, na hesabu haibadiliki. Swali ni hili: Nani atamlisha mtoto huyu?

Wengine wakiisha kuuliza hawangoji jibu. Huenda kwa mtu anayeuza mizizi au vidonge, au kwa yule anayefanya kazi hiyo usiku. Mtoto hufa, na pengine mama naye hufa. Kisha mtaa wote hunong'ona siku mbili, na siku ya tatu hunyamaza.

Sisi hatutaki kunong'ona wala kunyamaza. Twataka kwanza kueleza amri ya Mungu juu ya kutoa mimba. Halafu tutazame historia ya nchi hii ya shaba, maana yatufundisha jambo kubwa juu ya thamani ya mtoto. Mwisho tujiulize sisi Wakristo imetupasa nini.

AMRI YA MUNGU

Amri ya Tano yakataza kuua, na Wakristo wa kwanza waliifahamu vema. Katika kitabu kidogo cha zamani sana kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, kutoa mimba kumetajwa wazi kati ya mambo asiyoyafanya Mkristo. Wakati ule, katika Dola la Roma, baba aliweza hata kumtupa nje mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Wakristo walijulikana kwa sababu hawakufanya hivyo.

Tangu siku hizo fundisho halikubadilika. Tarehe 29 Oktoba 1951 Baba Mtakatifu Pio XII aliwaambia wakunga Wakatoliki wa Italia kwamba mtoto, hata kabla hajazaliwa, amepata haki ya kuishi kwa Mungu mwenyewe. Hakuipata kwa wazazi wake, wala kwa jamii, wala kwa serikali yo yote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha hivyo hivyo tarehe 7 Desemba 1965: uhai ulindwe kwa uangalifu mkubwa tangu mimba inapotungwa. Yohane Paulo II alilirudia fundisho hilo kwa nguvu katika barua yake ya tarehe 25 Machi 1995.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Hakuna mmoja wetu ambaye hakupita tumboni mwa mama. Askofu, waziri, mchimbaji, mwuza samaki sokoni, wote tulikuwa wadogo kama punje ya mtama. Hatukuwa kitu kingine kilichogeuka kuwa mtu baadaye. Tulikuwa sisi wenyewe, ila tulikuwa wadogo. Bikira Maria alipomwendea Elizabeti, Yohane aliruka kwa furaha tumboni mwa mama yake. Naye yule aliyeshangiliwa alikuwa tumboni vile vile, na mimba yake ilikuwa changa sana. Nani atathubutu kusema kwamba, wanawake wale wawili walipokumbatiana mlangoni, walikuwa watu wawili tu?

Wengine huuliza: Je, kama mama yu karibu kufa? Eklezia haisemi mama aachwe afe. Mwaka ule ule wa 1951 Papa Pio XII alieleza kwamba mganga aweza kumtibu mama kwa dawa au kwa kumpasua, ili kumwokoa na ugonjwa wake, hata kama ajua kwamba kwa matibabu hayo mtoto aweza kufa, ikiwa kifo hicho hakikukusudiwa na njia nyingine haipo. Lililokatazwa ni kumwua mtoto kwa kusudi. Basi mama mjamzito anayetokwa na damu, au anayeshikwa na maumivu makali ya tumbo, apelekwe hospitali upesi. Asifichwe nyumbani kwa kuogopa macho ya watu.

HESABU YA KAMPUNI

Sasa tuitazame nchi yetu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza ilitafuta wafanya kazi mbali. Wengi walikuja, wengi wakafa, wengi wakarudi kwao. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ilishika njia nyingine. Iliwapa watu mikataba ya miaka mitatu, ikataka waje na wake zao. Makambini jamaa nzima ilipata posho, nyumba za uzazi zikajengwa, watoto wakapimwa uzito na kupewa maziwa. Wazee wetu waliozaliwa katika makambi hayo huyakumbuka kwa shukrani, nasi hatuyadharau. Watoto wengi walipona kwa sababu yake.

Lakini tuulize: Kwa nini kampuni ilimtaka mtoto? Ilimtaka kwa sababu ilijua kuhesabu. Mtoto aliyekulia kambini alikuwa mfanya kazi wa kesho, na kumlea kulikuwa nafuu kuliko kumtafuta mtu mwingine katika nchi ya mbali. Basi mtoto aliandikwa katika daftari upande wa faida.

Halafu daftari likageuzwa. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali ya kampuni, ikaunda kampuni mpya iliyokuja kuitwa Gécamines. Watu waliendelea kuihesabu kampuni kama baba na mama yao. Lakini Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, hapa Kolwezi, uliporomoka, na kazi ikadhoofika mwaka kwa mwaka. Kuanzia mwaka 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Walipewa malipo ya mara moja, na mambo yakaisha: posho, shule ya watoto, kitanda cha hospitali. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu, kilichotoka mwaka 2001, juu ya Wana Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo peke yake latosha kueleza uchungu wa watu.

Mtoto yule aliyeandikwa zamani upande wa faida, sasa aliandikwa upande wa hasara. Je, mtoto amebadilika? La! Damu yake ni ile ile, kilio chake ni kile kile. Kilichobadilika ni mambo ya fedha. Hapo twaona hatari ya kumpima mtu kwa hesabu. Anayempokea mtoto kwa sababu atafaa, atamkataa siku asipofaa.

Farao wa Misri naye alikuwa mtu wa hesabu. Aliwataka Waebrania kwa kazi ya matofali. Alipoona wamezidi, akaamuru watoto wao wa kiume wauawe. Lakini wakunga wawili, Shifra na Pua, hawakuikubali hesabu yake. Walimcha Mungu, wakawaacha watoto waishi. Farao yule, Maandiko hayakuliandika jina lake. Majina ya wakunga yameandikwa.

Basi mtu asemaye leo, "Mtoto huyu hana faida, ni mdomo wa kulisha tu," asidhani amesema neno jipya. Amesoma daftari lile lile. Na Eklezia ikisema, "Mtoto huyu asiuawe," haisemi hivyo kwa kuwa labda atakuwa mhandisi, au padre, au tegemeo la wazazi katika uzee. Yasema hivyo hata kama atazaliwa kilema, hata kama ataishi siku tatu. Mtoto hana bei.

VUMBI LA MACHIMBO

Lakini tusidhani kwamba Amri ya Tano yamhusu msichana peke yake. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba katika mtaa wetu wa Kasulo. Watu wakaanza kuchimba nyuani mwao, hata ndani ya vyumba vyao. Watoto walicheza karibu na mdomo wa shimo. Na katika mito na maziwa ya nchi hii wanawake huosha na kuchagua mawe ya madini, mgongo umeinama, miguu majini, wengine na mimba tumboni.

Vumbi hilo si vumbi la bure. Watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, waliwapima watoto wa Kasulo, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba mkojo wao ulikuwa na kobalti nyingi kuliko ule wa watoto wa mtaa mwingine wa jirani. Mwaka 2020 waganga wa Kongo na wa Ubelgiji walitangaza utafiti mwingine, uliofanywa katika hospitali za Lubumbashi. Waliwalinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili na watoto 108 waliozaliwa wazima. Waliona kwamba hatari ya kasoro hizo ilizidi sana, zaidi ya mara tano, pale ambapo baba alifanya kazi ya madini.

Hatusemi kwamba kumwua mtoto kwa kusudi na kumdhuru kwa uzembe ni kosa moja. Lakini Mungu aona yote mawili. Yule anunuaye mawe, yule ayasafirishaye ng'ambo, yule atiaye faida mfukoni, wasiseme kwamba jambo la mimba ni jambo la wanawake. Na sisi, twawezaje kumwambia mwanamke, "Ilinde mimba yako," huku twamtazama akibeba mfuko wa mawe katika mwezi wa nane?

SHERIA NA JELA

Sheria ya jinai ya Kongo, iliyotolewa tarehe 30 Januari 1940, yasema kwamba mwanamke anayetoa mimba yake aweza kufungwa miaka 5 mpaka 10, na mtu anayemtoa mimba miaka 5 mpaka 15. Kwa upande mwingine upo Mkataba wa Maputo, uliokubaliwa na nchi za Afrika tarehe 11 Julai 2003. Kifungu chake cha 14 charuhusu kutoa mimba iliyopatikana kwa kubakwa au kwa ndugu wa damu, au mimba inapohatarisha afya au uhai. Kongo iliuridhia mwaka 2008, na mwezi wa Machi 2018 ukachapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Papa Benedikto XVI alikwisha kuonya juu ya jambo hilo Januari 2007, alipowahutubia mabalozi.

Mkristo afahamu kwamba ruhusa ya serikali haigeuzi dhambi kuwa wema. Lakini afahamu vile vile kwamba jela peke yake haimlindi mtoto. Katika mji wa Kinshasa, utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria mimba zaidi ya 140,000 zilizotolewa kwa mwaka mmoja, na sheria ya 1940 ilikuwapo wakati wote huo. Sheria njema yafaa, kwa maana yafundisha. Ila jela haimnyonyeshi mtoto, wala haimlipii mama nyumba ya kulala.

Na yule aliyebakwa? Kisa chake ni kizito kuliko vyote. Msichana huyo hana kosa hata chembe. Apelekwe hospitali siku ile ile apewe dawa za kuzuia magonjwa. Mwovu ashitakiwe, asitoe mbuzi na pombe kwa wazee kisha aende zake. Lakini mtoto aliyetungwa naye hakumbaka mtu. Hatuwezi kumhukumu kufa kwa kosa la baba yake. Twajua kwamba kumwomba mama huyo aichukue mimba ni kumwomba jambo kubwa mno. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi asiyekuwa tayari kuushika mzigo huo upande mmoja, asifungue kinywa kumhubiria aubebe.

YUKO WAPI BABA?

Mimba haiji kwa upepo. Hata hivyo msichana akipata mimba, yeye huondolewa katika kwaya, na kijana aliyempa mimba huendelea kupiga ngoma ile ile Jumapili. Hii si haki, na watoto wetu waiona.

Barua ya Yohane Paulo II yasema wazi kwamba katika dhambi hii baba wa mtoto aweza kuwa mkosaji, akimshurutisha mwanamke au akimwacha peke yake. Na kwamba jamaa na rafiki waweza kuwa wakosaji pia. Kijana, umsikie Mtakatifu Yosefu. Yeye alikuta mimba isiyo yake. Alikusudia kuondoka kimya kimya, lakini Mungu alipomwambia, akamchukua Maria nyumbani mwake, akamfanyia mtoto kazi ya seremala miaka yote. Nawe, mimba ni yako, wabadilisha namba ya simu na kuhamia mgodi mwingine!

Nanyi wazazi, binti yenu akikosa, kemeeni, lieni, lakini msimfukuze. Binti aliyefukuzwa usiku, atakwenda wapi? Wengi wa wale wanaokwenda kwa mtu wa mizizi hawamchukii mtoto wao. Wanaogopa uso wa baba yao. Wazee walisema, kitanda hakizai haramu. Dhambi ilikuwa ya watu wawili. Mtoto ni mgeni asiyeijua.

YATUPASAYO SISI

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya hai za Kikristo, watu wachache wanaojuana kwa majina na kwa shida zao. Hapo ndipo kazi hii yaweza kufanyika.

Kwanza, jumuiya iwe na akiba ndogo kwa ajili ya wazazi. Mahali pengi mama akiisha kuzaa huzuiwa hospitalini mpaka deni lilipwe, na habari hiyo humtisha mwenye mimba tangu mwezi wa pili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba ishirini zikitoa kidogo kila juma, deni hilo halitamtisha mtu.

Pili, kila jumuiya imchague mama mmoja mwenye busara na mwenye kufunga kinywa, ambaye msichana aweza kumwendea hata usiku. Yeye ndiye aende naye kwa wazazi, na kwa wazazi wa kijana pia.

Tatu, msichana akiisha kuzaa arudi shuleni. Mabibi na mashangazi wamshikie mtoto saa za masomo.

Nne, waliooana wajifunze kupanga uzazi kwa njia za asili ambazo Papa Paulo VI aliziruhusu katika barua yake ya tarehe 25 Julai 1968. Mume naye ahudhurie mafundisho hayo. Kujizuia ni kazi ya wawili.

Tano, tuwasaidie wanaowatoa wanawake machimboni. Masista wa Mchungaji Mwema, ambao watu huwaita Bon Pasteur, walianza utume wao hapa Kolwezi mwaka 2012. Huwafundisha watoto waliokuwa machimboni, nao wanawake hufundishwa ushonaji na kilimo. Cherehani moja yaweza kuokoa uhai mwingi.

KWA YULE ALIYEKWISHA KUTENDA

Labda mama mmoja, au baba mmoja, anasoma maneno haya na moyo wake unamwuma. Dada, ndugu, usiliweke gazeti chini. Ni kweli kwamba kutoa mimba ni dhambi ya mauti, na Eklezia imeiwekea adhabu kubwa ya kutengwa. Lakini sheria hiyo hiyo haimtii katika adhabu hiyo msichana ambaye hajatimiza miaka 16, wala mtu ambaye, pasipo uzembe wake, hakujua kwamba adhabu ipo. Na tarehe 20 Novemba 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote mamlaka ya kuwaondolea dhambi hii wanaotubu. Huna haja ya kusafiri mbali wala kungoja ruhusa ya askofu. Padre wa parokia yako, katika kitubio, aweza kukufungulia leo.

Wako watu waliojitenga na Meza ya Bwana miaka ishirini kwa sababu ya usiku mmoja. Miaka ishirini ni mingi mno. Mtoto wako waweza kumkabidhi kwa Baba wa mbinguni na huruma yake, nawe, njoo. Pengine wewe ndiwe utakayemfaa msichana mwenye hofu kuliko wahubiri wote, kwa kuwa waijua njia ile inafika wapi.

Basi, nani atamlisha mtoto huyu? Kampuni ilimlisha wakati alipokuwa faida, kisha ikamwacha. Jela haimlishi. Maneno matupu hayamlishi. Mungu ndiye aliyempa uhai, na mkate wake ameuweka mikononi mwa watu: baba yake, mama yake, babu na bibi, jirani, jumuiya. Tukisema kwamba mtoto asiuawe, tumesema pia kwamba sisi tutakula pamoja naye.

Jumapili hii, baada ya Misa, tuulizane pasipo kelele: Nani kati yetu ana mimba na anaogopa? Tumwendee siku hiyo hiyo, kama Maria alivyomwendea Elizabeti kwa haraka, tukiwa na unga mkononi. Tufike kabla ya mtu wa mizizi.